Ndege za Kuizunguka Afrika: South African Airways, Jumbo Zake na Safari ya Kumtafuta Mbia

Tarehe 23 Machi 1976 ndege mpya aina ya Boeing 747SP ilipaa kutoka uwanja wa Paine Field, karibu na Seattle, Marekani. Saa 17 na dakika 22 baadaye ilitua Cape Town. Ilikuwa imekwenda kilomita 16,560 kwa mruko mmoja, umbali ambao hakuna ndege ya abiria iliyowahi kuufikia kabla yake bila kutua. Mkia wake ulipakwa rangi ya machungwa na kuchorwa swala mwenye mbawa, nembo ya South African Airways. Jina lake lilikuwa Matroosberg, kwani shirika hilo lilizipa jumbo zake majina ya milima ya nchi yake.

Wahandisi waliisifia rekodi ile, na walikuwa na haki ya kuisifia. Lakini nchi iliyoinunua ndege ile ilikuwa na hesabu nyingine. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilihitaji ndege ya kwenda mbali sana kwa sababu majirani walikuwa wameifungia anga. Na ndege hizo hizo, zilizonunuliwa ili shirika liweze kuishi bila kumwomba mtu ruhusa, ndizo zilizolizoesha maisha ambayo baadaye halikuweza kuyalipia. Ukitaka kuelewa kwa nini shirika kubwa kuliko mengi barani lilihangaika kwa miaka 25 kutafuta mbia na kumkosa, anza na anga iliyofungwa.

South African Airways, au SAA, ilizaliwa tarehe 1 Februari 1934, serikali ilipolichukua shirika binafsi la Union Airways lililokuwa limeelemewa na madeni. Liliwekwa chini ya mamlaka ya reli na bandari, na tabia ya mamlaka ile ililiganda kwa muda mrefu: kazi za uhakika, madaraja ya vyeo yanayofuata rangi ya ngozi, na hazina ya serikali nyuma ya kila hasara. Baada ya vita kuu ya pili lilianzisha safari ya Uingereza, iliyoitwa njia ya Springbok. Ndege za Avro York zilipanda kaskazini kupitia Nairobi, Khartoum na Cairo, zikitua kila hatua kuongeza mafuta. Enzi hizo karibu Afrika yote ilikuwa chini ya wakoloni, na njia ilikuwa wazi kama barabara ya kijiji.

Mei 1963 wakuu wa nchi huru walikutana Addis Ababa na kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Miongoni mwa maazimio yao lilikuwamo la kuzifungia meli na ndege za Afrika Kusini bandari, viwanja na anga. Dar es Salaam ikapewa makao ya Kamati ya Ukombozi. Kabla mwaka haujaisha, nchi za kaskazini zilizokuwa kwenye njia ya Ulaya zilianza kutekeleza, na SAA ikalazimika kuzipeleka Boeing 707 zake magharibi, zizunguke lile bega la Afrika juu ya Atlantiki. Safari ikarefuka kwa saa kadhaa, na kila saa ilikunywa mafuta yake.

Ndipo jumbo zilipoingia. Boeing 747-200 ya kwanza, iliyoitwa Lebombo, iliwasili Johannesburg Novemba 1971, na nyingine zikafuata. Kwa abiria wa Kizungu aliyekuwa akienda London kutembelea ndugu zake, jumbo ilikuwa fahari: ngazi ya kuzunguka kuelekea ghorofa ya juu, sehemu ya kukaa na kunywa, injini nne. Kwa mhandisi wa shirika, hata hivyo, kulikuwa na taabu isiyoonekana dirishani. Johannesburg iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na siku ya joto huwa nyepesi zaidi. Mbawa hupata unyanyuo mdogo na injini hupoteza nguvu, hata kama barabara ya kurukia ni ndefu kupita kilomita 4. Jumbo iliyojaa abiria haikuweza kupaa na matangi yaliyojaa. Ilibidi iondoke na mafuta pungufu na kutua mahali kuongeza.

Mahali hapo palikuwa Luanda, mji wa koloni la Ureno, au kisiwa cha Sal katika Cabo Verde, koloni jingine la Ureno. Aprili 1974 wanajeshi waliipindua serikali ya Lisbon, na ikawa wazi kwamba Angola haitabaki kuwa kituo cha makaburu. Angola ilipata uhuru Novemba 1975. Miezi minne baadaye Matroosberg ikatua Cape Town.

747SP ilikuwa jumbo iliyokatwa fupi. Kampuni ya Boeing iliipunguza urefu kwa mita kama 14, ikaacha mbawa na injini karibu vile vile, na hivyo ikapata ndege nyepesi inayokwenda mbali sana. Mashirika mengi hayakuona sababu ya kuinunua: ilibeba watu wachache kwa gharama inayokaribia ya jumbo kamili. Zilitengenezwa 45 tu. SAA peke yake ilichukua 6. Kwa maneno mengine, shirika la nchi isiyo tajiri kwa watu wake walio wengi lilikubali kulipa zaidi kwa kila kiti, mwaka baada ya mwaka, ili sera ya ubaguzi isilazimike kubadilika. Sijui mfano mwingine ulio wazi hivi wa siasa kugeuka kuwa ankara ya mafuta.

Kisiwa cha Sal kinastahili aya yake. Cabo Verde ilijitawala Julai 1975 chini ya chama kile kile kilichopigana na Wareno na kilichoziona harakati za Afrika Kusini kuwa zake. Lakini nchi hiyo ilikuwa na ukame, watu wake wengi wakitafuta riziki ughaibuni, na ada za kutua za SAA zilikuwa miongoni mwa mapato machache ya fedha za kigeni. Ikaziruhusu ndege kuendelea kutua. Uwanja ukapewa jina la Amílcar Cabral, mwanamapinduzi aliyeuawa mwaka 1973, na usiku usiku jumbo za Pretoria zilinywa mafuta hapo. Wapo waliowalaumu Wacabo Verde. Mimi naona walioweka bei ile mezani ndio wa kulaumiwa.

Miaka ya 1980 milango mingine ilifungwa. Oktoba 1986 bunge la Marekani lilipuuza kura ya turufu ya Rais Reagan na kupitisha sheria ya vikwazo, ambayo pia ilizinyima ndege za SAA haki ya kutua Marekani. Australia ikafuata. Njia zilizobaki zilielekea kwa marafiki wachache, Taiwan ikiwa mmojawapo.

Katika njia ya Taiwan ndipo shirika lilipopata msiba wake mkubwa. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Novemba 1987, jumbo iitwayo Helderberg ilikuwa ikitoka Taipei kwenda Johannesburg kupitia Mauritius. Ilikuwa ya muundo unaochanganya abiria na mizigo kwenye sakafu moja, mizigo ikiwa nyuma, kitenganishi kati yao. Moto ulizuka kwenye mizigo. Rubani aliwaarifu waongozaji ndege wa Mauritius kwamba kuna moshi, kisha ndege ikatumbukia Bahari ya Hindi. Watu wote 159 walikufa. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilitolewa kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000 mwanzoni mwa 1989, kazi ya ajabu kwa teknolojia ya wakati ule. Tume ya Jaji Cecil Margo ilithibitisha moto, ila haikuweza kusema ni kitu gani kilichouwasha. Familia nyingi zilibaki na shaka kwamba ndege ya abiria ilibebeshwa kitu kwa ajili ya jeshi lililokuwa chini ya vikwazo vya silaha. Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ililisikiliza tena suala hilo, na bado halikupata jibu la mwisho.

Februari 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani. Anga ilifunguka nchi moja baada ya nyingine, na marubani waliozeeka wakizunguka Atlantiki wakaanza kupita tena juu ya Sahara. Januari 1991 ilipokewa Boeing 747-400 ya kwanza, jumbo ya kizazi kipya iliyoendeshwa na watu wawili badala ya watatu, na safari hii majina yalikuwa ya miji. Mwishoni mwa mwaka huo New York ikafunguliwa upya. Tarehe 24 Juni 1995, siku ya fainali ya Kombe la Dunia la raga, Kapteni Laurie Kay aliipitisha jumbo chini chini juu ya uwanja wa Ellis Park, maneno ya kuitakia timu ya taifa heri yakiwa yameandikwa upande wake wa chini. Wapo Waafrika Kusini wanaolihesabu tukio lile kuwa siku walipoanza kuliona shirika hilo kama la wote. Miaka miwili baadaye swala na rangi ya machungwa viliondolewa, na mkia ukachorwa rangi za bendera mpya.

Na zile SP? Anga ilipofunguka, sababu ya kuwa nazo ilitoweka mara moja. Ndege zilizonunuliwa kuizunguka Afrika sasa zilianza kukodishwa kwa Afrika. Air Mauritius ilikuwa imekwisha kuikodi. Kisha, Julai 1995, shirika jipya liitwalo Alliance lilianza safari, ubia wa Afrika Kusini, Uganda na Tanzania, na ndege yake ilikuwa 747SP iliyokodiwa kutoka SAA. Iliunganisha Dar es Salaam na Entebbe hadi London. Mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi sasa ulipokea ndege ambayo kamati hiyo, kwa namna fulani, iliisababisha inunuliwe. Kwa wasafiri wetu ilikuwa jambo kubwa: baada ya East African Airways kuvunjika mwaka 1977, Tanzania na Uganda zilikuwa zimehangaika sana kupata ndege ya uhakika ya kwenda Ulaya. Lakini hesabu zilikuwa zile zile zilizoikwamisha SP kila mahali. Viti vichache, injini nne, mafuta mengi. Ndege ndogo zaidi ililetwa baadaye, na hasara ziliendelea. Alliance ilifunga kazi mwaka 2000.

Miaka hiyo hiyo ndipo msako wa mbia ulipoanza kwa dhati. Mwaka 1990 SAA ilikuwa imewekwa chini ya Transnet, kampuni ya serikali iliyorithi reli na bandari pamoja na madeni yake. Serikali ya ANC iliyoingia 1994 ilikuwa na nyumba za kujenga, maji ya kupeleka vijijini, shule za kukarabati. Ndege mpya zilikuwa mwisho wa foleni, na ilikuwa haki ziwe hapo. Wakati huo huo Nairobi ilikuwa imeonyesha njia: mwaka 1996 Kenya Airways iliuza asilimia 26 ya hisa zake kwa KLM ya Uholanzi, ikaziingiza nyingine kwenye soko la hisa, na kwa miaka kadhaa ikapata faida. Pretoria ilitaka kitu cha namna hiyo.

Kumpata mbia wa kigeni katika biashara ya ndege hakufanani na kumpata mbia wa kiwanda cha saruji. Haki za kutua hupatikana kwa makubaliano kati ya serikali na serikali, utaratibu uliojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa 1944, na makubaliano hayo hutaka shirika limilikiwe na kuongozwa na raia wa nchi yake. Mgeni akipata sauti kubwa mno, nchi nyingine inaweza kusema: huyu si wenu tena, haki za London tulizowapa zimekwisha. Sheria ya Afrika Kusini yenyewe inadai kwamba angalau asilimia 75 ya haki za kura zibaki kwa wakazi wa nchi. Kwa hiyo mgeni anaombwa alete fedha na utaalamu, lakini usukani haupewi mkono wake. Ni ombi gumu. Anayelikubali mara nyingi ana hesabu yake.

Mwaka 1999 mgeni alipatikana. Kundi la Swissair la Zürich, Uswisi, lilinunua asilimia 20 ya SAA kwa randi bilioni 1.4. Mkuu wa shirika wakati huo alikuwa Mmarekani Coleman Andrews, aliyeuza ndege za zamani na kukodi mpya, na aliyeondoka mwaka 2001 akiwa amelipwa jumla ya zaidi ya randi milioni 200, jambo lililoumiza sana wafanyakazi waliopunguzwa chini yake. Swissair ilikuwa na sifa ya benki. Lakini kwa miaka kadhaa ilikuwa ikinunua hisa za mashirika dhaifu hapa na pale Ulaya, kuanzia Sabena ya Ubelgiji, na kila shirika lilidai fedha zaidi. Tarehe 2 Oktoba 2001 ndege za Swissair ziliegeshwa kwa kukosa hata fedha za mafuta. Mbia aliyetarajiwa kuisimamisha SAA alikuwa ameanguka mwenyewe. Mwaka 2002 Transnet ilizinunua tena hisa zile kwa randi milioni 382.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kiini cha hadithi hii. Shirika lililoachwa na mbia wake halikutulia kupunguza mzigo. Mwaka huo huo wa 2002 liliagiza ndege 41 za Airbus, zikiwamo A340-600 za injini nne zilizokusudiwa kuchukua nafasi ya jumbo. Likajifunga pia kwenye mikataba ya kununua dola kwa bei ya baadaye, likiogopa randi iliyokuwa imeporomoka mwishoni mwa 2001. Randi ikapanda. SAA ikabaki imefungwa kununua dola ghali, na hasara ikafika mabilioni ya randi. Na Desemba 2002, bado majivu ya Swissair hayajapoa, yenyewe ikageuka kuwa mbia wa kigeni: ilikubali kununua asilimia 49 ya Air Tanzania kwa dola milioni 20.

Mpango ulivutia kwenye karatasi. Johannesburg ingekuwa kitovu cha kusini, Dar es Salaam kitovu cha mashariki, na nusu ya fedha ingekwenda kwenye mtaji na mafunzo. Serikali ya Tanzania ilibaki na asilimia 51. Machi 2003 shirika lilizinduliwa upya. Ila SAA ilikuwa na shida zake, na mshirika mwenye njaa huangalia sahani yake kwanza. Air Tanzania ilipata hasara tangu mwaka wa kwanza, njia za mbali hazikuja, na abiria wa Dar waliokuwa wakienda Ulaya waliona wanapitishwa Johannesburg, saa za ziada kuelekea kusini ili warudi kaskazini. Mwaka 2006 ubia ulivunjwa na serikali ikazinunua tena hisa zake. Kilichoipata Pretoria mikononi mwa Zürich kiliipata Dar mikononi mwa Johannesburg, na Dar ilikuwa na uwezo mdogo zaidi wa kukistahimili.

Jumbo zenyewe zilikuwa zinaondoka. Mwaka 2004 Lebombo ilitua kwa mara ya mwisho kwenye uwanja mdogo wa Rand, Germiston, ambako wapenzi wa historia ya SAA wanaitunza. Mwaka 2006 ikafuatwa na Maluti, mojawapo ya zile SP. Kuziteremsha kwenye barabara fupi na nyembamba kama ile kulihitaji rubani hodari na ndege iliyopunguzwa uzito kabisa.

Kuziondoa 747-400 hakukuwa na sherehe. Mwaka 2007 mkuu wa shirika, Khaya Ngqula, alitangaza mpango wa kulinusuru, na miongoni mwa hatua zake ilikuwa kuziegesha jumbo zilizobaki. SAA ilikuwa ikiendesha aina mbili za ndege kubwa za injini nne kwa kazi ile ile: maghala mawili ya vipuri, marubani wa aina mbili, mafunzo mara mbili. Bei ya mafuta ilikuwa inapanda, na Julai 2008 pipa lilipita dola 140. Kufikia 2010 jumbo zilikuwa zimetoka kwenye kundi lake. Lakini A340 zilizobaki nazo zilikuwa na injini nne, wakati washindani kutoka Ghuba walikuja na ndege za injini mbili zilizobeba karibu abiria wale wale kwa mafuta machache zaidi.

Mwaka 2015 fursa ya kushirikiana kwa karibu zaidi na Emirates ilivunjika dakika za mwisho. Mwenyekiti wa bodi, Dudu Myeni, aliuzuia mkataba huo, na Mei 2020 mahakama ilimtangaza asiyefaa kuwa mkurugenzi wa kampuni maisha yake yote, suala la Emirates likiwa miongoni mwa sababu. Katika yote yaliyotokea, hili hunichoma zaidi. Swissair ilikuwa bahati mbaya kwa sehemu, na randi kupanda ilikuwa kamari iliyopotea. Hapa mlango ulifungwa na mtu aliyekabidhiwa ufunguo.

Desemba 2019 SAA iliingia chini ya wasimamizi wa uokoaji wa kampuni. Ugonjwa wa korona ukaja, ndege zikalala. Ilipotoka Aprili 2021, wafanyakazi waliokuwa zaidi ya 4,000 walikuwa wamebaki kama 1,000. Wahudumu, mafundi, makarani waliotumikia miaka 20 au 30 walikwenda nyumbani, baadhi yao wakiwa kizazi cha kwanza cha Waafrika Weusi kupata kazi hizo. Safari zikaanza tena Septemba 2021 kwa ndege chache.

Juni 2021 serikali ilikuwa imetangaza mbia mpya, safari hii wa nyumbani: kundi la Takatso, ambalo lingechukua asilimia 51 kwa randi 51 na kuahidi kuingiza randi bilioni 3. Mazungumzo yalichukua karibu miaka mitatu. Janga lilipita, thamani ya mali za shirika ilihesabiwa upya, na masharti yaliyoafikiwa wakati viwanja vikiwa vitupu hayakukubalika tena. Machi 2024 Waziri Pravin Gordhan alitangaza kwamba mpango umekufa. Hisa zote za SAA zikabaki mikononi mwa serikali, zilipokuwa mwaka 1934.